Kunazi Kumi

Langoni, darasa la sita, saa nane na nusu mchana,
saa ambayo hesabu husinzia kabla ya watoto,
nilimwagia kila mmoja kunazi kumi juu ya dawati.
Andika jibu, nikasema, kisha uweke kunazi kando yake.
Una hakika kabisa, weka zote.
Unabahatisha, weka moja.
Ukikosa, nitazila mimi.

Jumanne ya kwanza: Manda na Pate, kipi kikubwa?
Shebwana aliweka kumi kabla sijafunga mdomo.
Manda, aliandika, maana ndicho anachokiona
kila asubuhi akipiga mswaki.
Mwanasiti aliandika Pate. Akaweka tatu,
akaondoa moja, akazitazama, akaondoa nyingine.
Bunu hakuweka kitu. Shavu lake la kushoto
lilikuwa limevimba.

Jumanne ya pili: kibaba cha mchele kina punje ngapi?
Elfu moja, Shebwana, kumi tena.
Nilizila zote mbele yake
naye akanitazama nikitema kokwa
kama mtu aliyemkopesha jirani.

Utasema debe tupu. Nami nilisema.
Lakini siku ya asilimia alipata zote,
kwa uso uleule, kwa sauti ileile.
Debe lake siku nyingine lina maji;
mlio haubadiliki.

Nawajua kwao.
Shebwana alizaliwa nyuma ya dada wanne.
Akikohoa, nyumba nzima huuliza amesemaje.
Akisema mwezi umeandama, mtu hutoka kuutafuta.
Hajawahi kulipia neno.

Mwanasiti alilipia. Miaka saba, ametumwa Mkomani
kumwambia bibi yake wageni watafika Alhamisi.
Akasema Ijumaa.
Wageni wakapokewa kwa maji na tende za juzi,
na tangu hapo hakuna arusi, hakuna hitima,
asipotokea mtu wa kusema, "Siku muulizeni Mwanasiti."
Wanacheka. Naye hucheka,
kisha huenda kuitazama kalenda.

Na Bunu, niliyemwandika "hana hakika na lolote",
kwao chakula cha mchana ni jina tu.
Nilikusudia kupima moyo
nikapima tumbo.

Jumanne ya tatu: hatua ngapi
kutoka lango la shule hadi tanuri la Maye Famau?
Nilikuwa nimepima mwenyewe alfajiri:
mia tatu na kumi na mbili.
Shebwana, mia tano. Kumi.
Mwanasiti, mia tatu na themanini. Moja.
Nikaichukua, nimekwisha kuifikisha mdomoni,
akainua mkono hadi kimo cha sikio,
pale mkono unapoweza kudai ulikuwa unajikuna.
"Mwalimu. Hatua za nani?"

Nikatazama viatu vyangu.
Nikatazama ndara zake, namba ya mtoto,
kisigino kimelika upande mmoja.

Tukatoka darasa zima, tukahesabu.
Shebwana alifika na mia tano kamili;
karibu na msikiti aliruka mia na ushei.
Mwanasiti alihesabu kwa midomo bila sauti,
mlangoni pa tanuri akasimama,
akarudi nyuma hatua mbili, akazirudia.
Mia tatu themanini na tatu.
"Nimekosa tatu," akasema.
Maye Famau alimpa Bunu mkate wa moto
naye hakuulizwa ana hakika gani.

Mihula mitano, wino wa buluu:
*Shebwana: anajiamini, hongera.*
*Mwanasiti: ajiamini zaidi.*
Mkono ulikuwa ukiyapitisha maneno yale kama salamu,
na kando yake sikuwahi kuweka kunazi hata moja.

Usiku huu ripoti ya muhula wa sita iko mezani.
Nimeandika jina lake. Nimeandika tarehe.
Kando ya mstari ulio wazi nimeweka kunazi tatu.
Nimeondoa moja.
Nazitazama.